Mikunjo Sita

Mama Nesi alikuwa ameapa. Aliapa mbele ya binti yake, kiganja kifuani, kwamba siku ya Jumamosi hatagusa unga, hatagusa siagi, hatagusa hata kijiko, na kwamba mumewe atatengeneza vipembe vya jibini peke yake tangu mwanzo hadi mwisho. Na kiapo hicho hakulazimishwa na mtu. Ni yeye mwenyewe aliyejipalia makaa.

Ilikuwa hivi. Mumewe, ambaye watu wote walimwita Mzee Tabaka, alipika keki na vitafunio kwenye hoteli moja kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, mpaka hoteli yenyewe ikafungwa. Jina la Tabaka alipewa na wapishi wenzake, kwa sababu kipembe chake cha jibini ukikivunja katikati ulikuta tabaka nyembamba ajabu, moja juu ya nyingine, na ukitaka kuzihesabu kilikuwa kimeshaisha mdomoni. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu kichwa chake kianze kumtoroka. Hakuwa mgonjwa wa kulala kitandani. Alikula vizuri, alicheka, alimtania mkewe kama zamani. Lakini alisahau. Aliuliza jambo, akajibiwa, akauliza tena kabla jibu halijapoa. Mwezi uliopita alifungua gesi, akaenda kutafuta kiberiti, akasahau alichofuata, akaketi kibarazani kuota jua. Wiki iliyofuata aliamka alfajiri, akavaa aproni yake nyeupe, akatembea hadi kwenye lango la hoteli iliyofungwa, akagombana na mlinzi kwamba anamchelewesha kazini.

Kila mara Mama Nesi alimfunika. Gesi? Niliiacha mimi, uzee huu. Bomba lililofurika mpaka sebuleni? Mimi tena, nilikuwa kwenye simu. Alisema uongo kwa majirani, kwa daktari, kwa mwanawe wa kumzaa, na alikuwa haoni haya hata kidogo. Aone haya ya nini? Ameishi na mtu huyo miaka arobaini na miwili. Hakujua hata upande gani wa kitanda ungekuwa wake kama angelala peke yake.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na binti yao ni nesi wa wodi ya wazee. Huyo humdanganyi kuhusu wazee. Akatafuta nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaipata: kitanda kimoja, upande wa wanaume, wageni wanaruhusiwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kitanda kingeshikiliwa mpaka Jumamosi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo angepewa mwingine. Mzee mwenyewe aliambiwa, akauliza mara tatu ni wapi.

"Mama, siku moja nitaitwa nikute nyumba imeungua," alisema binti. "Na nyinyi wawili mmo ndani."

"Baba yako hajaharibika! Anasahau maneno tu. Mikono yake haijasahau kitu."

"Mama."

"Mjaribu basi! Mwambie atengeneze vipembe vyake. Kazi ya siku nzima ile, ya moto, ya kisu, ya kuhesabu. Akiweza peke yake, hicho kitanda akalale mwingine."

Binti alikuwa amechoka, alitoka zamu ya usiku, na moyoni alitaka sana kushindwa. "Sawa," alisema. "Jumamosi saa kumi nitakuja na mume wangu. Lakini usimguse, na usimkumbushe."

Ndipo Mama Nesi akaapa.

Jumamosi ilianza vizuri mpaka Mama Nesi akaogopa. Mzee Tabaka alikunywa chai, akaoga, akaambiwa na mkewe, "Leo Nesi na mumewe wanakuja, wanataka vipembe vyako," akasema, "Wanataka au wewe ndiye umewaahidi?" Kisha akafunga aproni. Saa tatu alikuwa ameshachunga unga kwenye meza. Alitia chumvi mara moja, si mara tatu. Alitia maji ya baridi na tone la siki, akakusanya donge bila kulikanda sana, akalifunika. Akaiweka siagi kati ya karatasi mbili, akaipiga kwa kifimbo cha kusukumia mpaka ikawa bapa la mraba, baridi, laini, halivunjiki wala haliyeyuki. Mama Nesi alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono ameikalia ili isije ikamponza.

Alimwona analaza siagi juu ya donge, anaikunjia ndani kama anayefunga barua, anasukuma kwenda mbele, kwenda mbele, halafu anakunja mara tatu. Huo ukawa mkunjo wa kwanza. Na alipomaliza akafanya kile alichokifanya maisha yake yote: akabonyeza ncha ya kidole cha shahada kwenye pembe ya donge. Kishimo kimoja. Akalifunga kwenye nailoni, akalitia ndani ya friji lipumzike.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yao pale hotelini. Donge linataka mikunjo sita, na kati ya mkunjo na mkunjo linataka nusu saa ya baridi. Jikoni pale kulikuwa na madonge kumi na watu wanane wanaopishana zamu, nani atakumbuka lipi limefikia wapi? Kwa hiyo kila aliyekunja alibonyeza. Ukilitoa kwenye friji, hukumuuliza mtu, uliangalia alama. Daktari alikuwa amewabandikia karatasi nyumba nzima, CHOO HUKU, ZIMA GESI, na kumwambia mzee kwamba kichwa kikikataa aamini kilichoandikwa. Mzee alizichukia karatasi hizo, alisema zinamfanya ajione mgeni kwake. Lakini alama za kidole zilikuwa zake mwenyewe, za tangu ujana, na hizo aliziamini bila kinyongo.

Mkunjo wa pili aliufanya saa tano na nusu. Kishimo cha pili. Akaosha mikono, akasema anakwenda kupunga upepo kidogo, akaketi kwenye kiti cha kibarazani.

Akalala.

Saa sita ikapita. Mama Nesi akakohoa. Akafungua friji, akaifunga kwa kishindo, akaifungua tena kama anayetafuta maji. Saa saba. Akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni, ukazunguka na kulia mpaka ukatulia. Kutoka kibarazani sauti ikasema, bado imefumba macho, "Bibie, leo una vita na masufuria?" Halafu mkoromo ukaendelea.

"Usimkumbushe," alikuwa ameambiwa. Akasimama nyuma ya kiti, mkono umenyooka kuelekea begani mwa mumewe, akaurudisha. Angemwamsha tu, je, kumwamsha ni kumkumbusha? Alijua binti yake atamuuliza, na atamuuliza akimtazama machoni. Saa nane kasoro robo akapiga hesabu kwa vidole. Mikunjo minne imebaki, nusu saa ya baridi kwa kila mmoja, bado kukata, bado kutia jibini, bado kuoka. Haiwezekani. Saa kumi mlango utagongwa na kwenye meza kutakuwa na donge bichi, na saa kumi na moja mumewe atakuwa anaonyeshwa kitanda. Alitembea kutoka meza hadi dirisha, dirisha hadi meza, akizungumza peke yake, na ukweli alikuwa analia, ila hakuwa na wakati wa kujifuta.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alifungua friji, akalitoa donge, akalifungua nailoni.

Vishimo viwili vilimtazama. Sasa jamani, sita ya nini? Miaka arobaini na miwili amemwona akikunja, na miaka yote aliamini kimoyomoyo kwamba sita ni madaha ya watu wa hoteli, wapate kuongeza bei. Unga ni unga. Mitatu na sita, nani atajua, mkwe wake? Akabonyeza kidole chake. Kilikuwa chembamba, kikaacha tundu dogo, akakizungusha mpaka tundu likapanuka likafanana na mengine. Akabonyeza tena, na tena. Vishimo vitano vilikaa kwenye mstari. Akalifunga, akalirudisha, akajifuta kidole kwenye kanga haraka haraka kama aliyeiba sukari.

Hata dakika tatu hazikupita.

"Donge langu!" Mzee Tabaka alisema kibarazani. Kiti kililia, hatua zikaja. "Nimelala, bibie, na wewe umeniacha. Nina donge kwenye friji."

Amekumbuka. Amekumbuka mwenyewe, bila kuguswa, bila kuambiwa. Mama Nesi alishika ukingo wa meza. Hapo ndipo pa kusema. Neno moja tu lilitosha: nimeongeza tatu, ni mbili tu. Lakini aliitazama saa ya ukutani, na saa ya ukutani ilisema saa nane kamili, na akanyamaza.

Mzee akalitoa donge, akahesabu vishimo kwa sauti. "Tano. Vizuri. Umebaki mmoja." Akanyunyiza unga, akashika kifimbo, akasukuma mara moja, mara mbili. Akaacha. Akakiweka kifimbo pembeni, akapitisha kiganja juu ya donge polepole, kutoka pembe hadi pembe, kichwa kimeinama upande.

"Hili donge bado," alisema.

"Bado nini?"

"Bado bichi. Siagi naisikia, imekaa vipande vinene." Akapitisha kiganja tena. "Hili lina mikunjo miwili. Mitatu sijui. Mitano halina."

Mama Nesi alikausha uso. "Si umeona alama?"

"Nimeona." Akamgeukia, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho mkewe hakupenda kukiona, ule woga wa mtoto aliyepotea sokoni. "Bibie, wewe ulikuwa hapa. Nimekunja mara ngapi?"

Ee Mungu. Alitaka kusema.

"Angalia alama, mume wangu," alisema.

Mzee alitazama vishimo. Akatazama mikono yake, kwanza huu, kisha huu. Halafu akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi. "Alama ndiyo alama," alisema. "Mikono nayo imezeeka." Akasukuma, akakunja, akabonyeza cha sita.

Yote yaliyobaki aliyafanya barabara, na kila alipofanya barabara Mama Nesi aliumia zaidi. Alikwaruza jibini, akaichanganya na pilipili manga. Alikata miraba iliyo sawasawa kwa macho tu, bila rula. Alitia jibini, akakunja pembe kwa pembe, akapaka yai kwa brashi juu tu, bila kugusa kingo, maana yai likigusa kingo tabaka zinagandana haziinuki. Alishika kiberiti kwanza, akawasha njiti, ndipo akafungua gesi ya oveni. Kiberiti kwanza! Nesi angekuwepo angeona. Saa tisa na nusu trei iliingia.

Dakika za kwanza jikoni kulinukia hoteli. Halafu sauti ikaanza. Mzee Tabaka aliyekuwa anafuta meza akasimama. Ilikuwa sauti ya kukaanga, chwa-chwa-chwa, kutoka ndani ya oveni.

"Oveni haikaangi," alisema kwa upole, kana kwamba kuna mtu anabishana naye. Akachuchumaa mbele ya kioo, akatazama, hakunyanyuka tena. Siagi ilikuwa inatoka kwenye vipembe kama jasho, inatiririka kwenye trei, na vipembe vyenyewe vimelala ubavu vikichemka humo.

Nesi na mumewe waligonga mlango saa kumi kasoro dakika kumi. Walimkuta mzee bado amechuchumaa. Mkwe alimwinua, akasalimia, akaitoa trei yeye mwenyewe kwa kitambaa, akaiweka mezani, wote wanne wakaizunguka. Vipembe kumi na sita, bapa, vimepinda, vinaogelea. Mkwe akaona aibu, akachukua kimoja, akatafuna. "Mbona vitamu, baba," alisema, akachukua cha pili. Hakuwa anaongopa. Mkwe yule hajawahi kukutana na chakula kibaya.

Nesi alichukua kimoja, akakivunja katikati, akatazama ndani. Alikua akila vipembe hivyo, alijua anachotafuta. Hakukuta tabaka, alikuta donge. Akakirudisha kwenye trei, macho yamejaa.

"Alama zilikuwa sita," Mzee Tabaka alimwambia binti yake. "Nilizihesabu, mwanangu. Hesabu sikukosea. Mikono ndiyo imekwisha." Alisema hivyo akiwa amejishika mkono kwa mkono, na sauti yake haikuwa na ubishi wowote. "Ile nyumba ya wazee mlisema iko wapi? Ni mbali?"

"Ni mimi!" Mama Nesi alipiga meza, trei ikaruka. "Si mikono yake, ni mimi! Alikuwa amekunja mara mbili, nikabonyeza alama tatu za uongo, ili muda usimpite!"

"Mama, basi," alisema Nesi.

"Naapa!"

"Gesi ulikuwa wewe. Bomba ulikuwa wewe. Na kule kwenye lango la hoteli nako ni wewe uliyekwenda umevaa aproni?" Nesi alikuwa analia waziwazi sasa. "Najua unampenda. Lakini siwezi kukuamini tena, mama, hata nikitaka."

Mama Nesi akaitazama trei. Angeonyesha nini? Donge limekatwa, vishimo vimeliwa na moto. Miaka miwili alikuwa amesema "ni mimi" ikiwa si yeye, na leo ni yeye.

"Bibie," Mzee Tabaka alisema. "Umesema uliongeza ngapi?"

"Tatu."

Midomo yake ilihesabu bila sauti. "Mbili zangu, tatu zako, moja yangu." Akainua kichwa. "Mikunjo mitatu. Ndiyo maana lilikuwa zito! Nilisema, sikusema? Nilisema hili lina miwili!" Akamgeukia binti yake, uso umewaka, akamshika mabega. "Nililisikia kwa kiganja, mwanangu. Mikono iliniambia kweli!"

Nesi alimtazama baba yake, akamtazama mama yake, na polepole akaona kwamba safari hii mwongo alikuwa anasema kweli. Alijifuta macho. Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa simu. "Ngoja niwapigie," alisema. "Niwaambie kitanda wampe mwingine. Baba ameweza. Alijua. Kama asingeingiliwa..."

Mama Nesi alijiona anaanza kupumua.

Lakini uso wa mzee ulikuwa umezimika. Alikuwa bado anahesabu, ila sasa alikuwa anahesabu kitu kingine. "Nikakuuliza," alimwambia mkewe.

"Uliniuliza."

"Nikasema wewe ulikuwa hapa, nimekunja mara ngapi. Na wewe ukasema..."

"Nilisema angalia alama."

"Ukaniona naikatalia mikono yangu. Ukanitazama tu."

Hakuwa na hasira. Heri angekuwa na hasira, angerusha trei. Alifungua aproni nyuma ya shingo, ikamchukua muda, na mkwe aliponyoosha mkono kumsaidia alimzuia. Aliikunja, akaiweka kwenye kiti.

"Usipige simu," alimwambia Nesi. "Nitakwenda."

"Baba, si lazima!"

"Nisamehe, Baba Nesi," mkewe alisema. Alikuwa amemshika mkono wa shati kwa mikono miwili. "Nisamehe. Niliogopa."

"Nimeshakusamehe." Alimpapasa kiganja kama anavyompapasa mtu aliyefiwa. "Lakini nikibaki hapa, kesho utaniwekea alama nyingine, na mimi sitajua ni yangu au ni yako. Kitu nilichokuwa nakiamini kilikuwa kimoja, bibie." Akaitazama aproni kwenye kiti. "Kule hawanipendi. Mtu asiyenipenda hana sababu ya kunidanganya."

Mkwe aliacha kutafuna. Nesi alisimama na simu mkononi, hapigi wala hairudishi mkobani. Mzee Tabaka alivaa viatu kwenye kizingiti, cha kulia kikawa cha kulia na cha kushoto cha kushoto, akanyoosha mgongo.

Mama Nesi alisimama mlangoni, amemzibia njia. Alitaka kumwambia kwamba hatarudia tena. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu, angeyaapia tena kiganja kifuani, na pengine angeaminiwa. Ila alijijua. Angerudia kesho asubuhi, kabla ya chai. Kwa hiyo akasogea pembeni, akampisha apite.